Chupa Ipi Ichezewe, Chupa Ipi Ikataliwe: Somo la Urejelezaji kwa Watoto Wadogo katika Bonde la Mbwemkuru

Utangulizi

Katika vijiji vya bonde la Mto Mbwemkuru, wilayani Nachingwea na Ruangwa, mtoto huanza kutengeneza vitu vyake mwenyewe kabla hajaanza shule. Gari la kuvuta kwa kamba hutokana na dumu lililokatwa ubavu, na magurudumu yake hukatwa kwenye kandambili zilizochakaa. Mpira hufungwa kwa matambara. Mwanasesere ni gunzi la hindi lililovikwa kipande cha khanga. Watu wazima nao wana sanaa yao: kopo hugeuzwa koroboi, tairi la gari huwa katambuga, na gunia lililotoboka hushonwa likawa la kuanikia ufuta. Kwa hiyo kutumia tena kitu kilichokwisha kazi si jambo geni lililoletwa na mradi wowote. Ni desturi ya nyumbani.

Kilichobadilika ni takataka zenyewe. Zamani jalala la kijiji lilikuwa na majivu, maganda, majani na vigae vya vyungu. Leo lina chupa za plastiki, betri, vifungashio vya dawa na, katika maeneo ya mikorosho, vyombo vilivyobeba viuatilifu. Mtoto wa miaka minne hawezi kusoma lebo. Kwake yeye chupa ni chupa tu, na iliyo na rangi ya kupendeza ndiyo anayoikimbilia kwanza. Mtu mzima akimsifu mtoto kwa kuokota chupa bila kumfundisha kubagua, anaweza kumwelekeza kwenye sumu huku akidhani anamfunza usafi.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya watoa huduma za afya, walimu wa elimu ya awali na wazazi. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza uhusiano wa takataka na magonjwa, kuchagua vifaa salama vya kazi za mikono, kuongoza watoto katika kazi tatu zenye manufaa kwa afya, na kutoa huduma ya kwanza pale ajali inapotokea.

Kutumia tena na kurejeleza

Maneno haya mawili huchanganywa mara kwa mara. Kutumia tena ni kukipa kitu kazi nyingine kikiwa na umbo lake, kama dumu la mafuta ya kula linapogeuka chombo cha kunawia mikono. Kurejeleza ni kuvunja au kuyeyusha malighafi na kutengeneza kitu kipya, kama vyuma chakavu vinavyonunuliwa kwa kilo na kupelekwa kiwandani. Juu ya yote mawili kuna hatua ya kwanza na iliyo bora kuliko zote, nayo ni kupunguza takataka zenyewe. Tanzania Bara ilichukua hatua hiyo ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019.

Nachingwea ina historia yake katika jambo hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa kuwa matrekta yalikuwa haba, baadhi ya vifaru vya kijeshi vilivyobaki vitani viligeuzwa matrekta kwa ajili ya mpango huo. Mpango wenyewe ulianguka na kufutwa mwaka 1951, lakini mfano wake unafaa kusimuliwa darasani: hata chombo cha vita kinaweza kupewa kazi ya shamba, ilimradi pawe na watu wanaojua wanachokifanya.

Kwa nini hili ni suala la afya

Sababu ya kwanza ni mbu. Mbu aina ya Aedes, ambaye huuma zaidi mchana, hutaga mayai katika maji yaliyosimama ndani ya vyombo vidogo: kopo, tairi, kifuu cha nazi, chupa iliyokatwa. Yai huweza kufikia hatua ya mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi, na mayai huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri mvua. Mbu huyo hueneza kidingapopo, yaani homa ya dengi, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Hueneza pia chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa Makonde, Newala, kusini-mashariki mwa Nachingwea. Jina lake limetoka katika lugha ya Kimakonde na linaeleza kujikunja kwa mgonjwa anayeumwa viungo. Ni vema kutofautisha: mbu wa malaria, Anopheles, kwa kawaida huzaliana katika madimbwi na maji ya mashambani, wala si katika makopo. Hivyo kufukia makopo hakuondoi haja ya chandarua, na chandarua cha usiku hakitoshi kumzuia mbu wa mchana.

Sababu ya pili ni moshi. Katika nyumba nyingi takataka huchomwa uani, na mtoto husogea kuutazama moto. Moshi wa plastiki huwasha macho na koo na huchochea pumu, na baadhi ya plastiki zikiungua hutoa sumu zinazodumu muda mrefu katika mazingira. Kila chupa inayopewa kazi nyingine ni chupa moja iliyoepushwa na moto huo.

Sababu ya tatu ni makuzi ya mtoto mwenyewe. Mwezi Desemba 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu mimba hadi miaka minane. Miongoni mwa nguzo za malezi hayo ni ujifunzaji wa awali, na mtoto mdogo hujifunza kwa mikono kabla ya kujifunza kwa maneno. Anapofunga fundo, anapokunja kitambaa, anapopanga vizibo kwa rangi na kuvihesabu, misuli midogo ya vidole inapata nguvu ya kushika kalamu, na akili inazoea kulinganisha, kubagua na kufuata utaratibu. Kazi hizo hazihitaji fedha.

Kanuni moja ya kukumbuka

Mafunzo kwa watoto wadogo yanahitaji kanuni fupi inayoweza kuimbwa. Inayopendekezwa hapa ni hii: kilichobeba chakula au maji ya kunywa ndicho kinachoingia darasani, kisichojulikana kilibeba nini hakiguswi, anaitwa mtu mzima. Kwa kanuni hiyo chupa ya maji, dumu la mafuta ya kula, kopo la maziwa ya unga, katoni ya sabuni, matambara safi, magunzi, vifuu, mianzi na maganda ya karanga vyote vinafaa.

Vitu vifuatavyo visiingie kabisa katika kazi za watoto.

Kwanza, vyombo vya viuatilifu na mifuko ya salfa. Mikorosho hupuliziwa kudhibiti ubwiri unga na wadudu, na baada ya msimu vyombo vitupu hubaki shambani au uani. Kuosha hakukifanyi chombo hicho kuwa salama, kwa sababu masalia hubaki katika kuta za plastiki na nyuzi za mfuko. Mfuko wa salfa usigeuzwe begi la shule wala tandiko la kulalia. Mkulima anayemaliza kupulizia husuuza chombo mara tatu, maji ya kila msuuzo huyamimina ndani ya bomba la kupulizia, kisha hukitoboa chombo kisitumike tena na kukihifadhi mbali na watoto hadi kitakapokabidhiwa kwa utaratibu unaoelekezwa na afisa kilimo. Hapa lugha nayo ina hatari yake. Watu wazima huiita sumu hiyo «dawa ya mikorosho», ilhali mtoto amefundishwa kuwa dawa huponya. Ni heri iitwe sumu mbele ya watoto.

Pili, ganda la korosho bichi. Kwa kuwa lipo tele, mwalimu anaweza kulifikiria kwa kupamba picha au kujaza manyanga. Ganda hilo lina mafuta makali yanayobabua ngozi na kuacha malengelenge kama ya moto, na mtoto akijifuta macho kwa mkono ulioyashika huumia zaidi. Wanaobangua korosho kwa mkono huijua adha hiyo.

Tatu, mbegu zenye sumu. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mturituri na mbegu za mbarika hupendeza katika shanga na kayamba, lakini zikitafunwa zinaweza kuua. Mahindi na vijiwe vinatosha.

Nne, takataka za zahanati na za wagonjwa nyumbani: sindano, glovu, mipira ya dripu, chupa na vifungashio vya dawa. Glovu hupulizwa na watoto kama puto. Inaweza kuwa na vimelea, na kipande kilichopasuka kinaweza kuziba koo.

Tano, betri za aina zote, balbu, vioo, na makopo yenye kingo zilizochanika. Betri ndogo za duara, zile za saa na vifaa vya kuchezea, ni hatari ya pekee: zikimezwa na kukwama kooni huunguza nyama ya koo ndani ya saa chache.

Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu liongezwe sharti jingine: kitu chochote kinachoweza kuingia ndani ya kiberiti kisiachwe mikononi mwao. Vizibo vya soda na vifuniko vya chupa vimo katika kundi hilo.

Kazi ya kwanza: kibuyu chirizi

Kazi hii inafaa kuanza nayo kwa sababu mtoto huona faida yake siku ileile. Vinahitajika dumu la mafuta ya kula la lita tatu au tano, miti miwili yenye panda, ufito wa kulalia juu ya panda, kijiti cha kukanyagia, kamba, kipande cha sabuni na kokoto.

Mtu mzima hutoboa tundu jembamba kwa msumari katika upande wa mbele wa dumu, karibu na shingo, na tundu jingine katikati ya kifuniko. Watoto huosha dumu, hukusanya kokoto na kushika miti inapochimbiwa. Dumu huning'inizwa kwenye ufito kwa mshikio wake. Kamba hupitishwa katika tundu la kifuniko na kufungwa fundo kwa ndani, na ncha ya pili hufungwa kwenye kijiti kilicho chini. Maji hujazwa hadi chini kidogo ya tundu la mbele. Mtoto akikanyaga kijiti, dumu huinama na maji huchirizika. Akiondoa mguu, dumu hurudi. Hivyo mikono michafu haigusi chombo, na maji kidogo hutumika na wengi. Sabuni hufungwa kwa kamba pembeni, na kokoto hutandazwa chini ili pasiwe na dimbwi.

Urefu wa ufito upimwe kwa kifua cha mtoto, si cha mwalimu. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonesha kuwa unawaji wa mikono kwa sabuni hupunguza kuhara kwa watoto kwa takriban theluthi moja. Mtoto aliyesaidia kukijenga kibuyu chirizi huona fahari kuwafundisha wengine wakati wa kunawa: baada ya kutoka chooni na kabla ya kula.

Kazi ya pili: kitalu cha mchicha

Chupa ya maji hukatwa na mtu mzima chini ya shingo, na kingo zake hufunikwa kwa utepe au kitambaa. Matundu matatu hutobolewa kwenye kitako. Matundu hayo ndiyo kiini cha somo: bila matundu maji yatasimama, mizizi itaoza na mbu watapata makazi. Mtoto hujaza udongo na mbolea iliyoiva, hupanda mbegu za mchicha, huchora alama yake na kumwagilia kila asubuhi. Anajifunza kusubiri na kuhesabu siku. Baada ya wiki tatu hadi nne majani huwa tayari kuvunwa, na mtoa huduma anaweza kueleza kwa wazazi umuhimu wa mboga za kijani katika chakula cha mtoto. Udongo ukishikwa, mikono huoshwa. Hapo kibuyu chirizi kinapata kazi.

Kazi ya tatu: mpira na manyanga

Kwa miaka mingi mipira ya watoto ilifungwa kwa mifuko ya nailoni. Matambara hufanya kazi hiyo vizuri zaidi: vipande hukunjwa na kukazwa, huingizwa ndani ya soksi iliyochakaa, kisha hufungwa kwa kamba ya katani kwa mafundo yanayokingamana. Watoto wa miaka mitano hufunga wenyewe. Wadogo zaidi hukunja. Manyanga hutengenezwa kwa chupa kavu yenye mahindi au vijiwe, na kifuniko hukazwa na mtu mzima kwa gundi au utepe ili kisifunguke. Vyombo hivyo hutumika kuimbia ile kanuni ya kubagua takataka. Mtoto mwenye ulemavu wa kutembea au wa kuona apewe nafasi yake hapa, kwani kazi ya mikono na ya sauti humshirikisha sawa na wenzake.

Kila kazi imalizike kwa utaratibu uleule: vifaa vihesabiwe, mabaki yarudi kwenye chombo cha takataka, vyombo vilivyobaki vigeuzwe mdomo chini visikusanye maji, na mikono ioshwe. Kisu, mkasi na msumari wa moto hubaki kwa mtu mzima, na plastiki haiyeyushwi mbele ya watoto.

Ajali ikitokea

Jeraha la bati au kioo lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha likandamizwe kwa kitambaa safi hadi damu ikome. Jeraha lenye kina au lililoingia uchafu lifikishwe kituo cha afya. Mzazi abebe kadi ya kliniki ili chanjo ya pepopunda ithibitishwe. Katika ratiba ya Tanzania kinga hiyo hutolewa ndani ya chanjo ya pentavalenti katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Mtoto aliyegusa au kunywa kiuatilifu aondolewe mahali hapo, avuliwe nguo zilizolowa, na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Jicho lisafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Asitapishwe kwa nguvu, wala asinyweshwe maziwa au mafuta kwa imani kuwa vinaua sumu, kwani vinaweza kuingia katika mapafu. Hali ni hiyohiyo kwa aliyekunywa mafuta ya taa, ambayo bado huhifadhiwa katika chupa za soda na kuwahadaa watoto. Apelekwe hospitali bila kukawia pamoja na chombo au lebo yake, vikiwa vimefungwa vizuri.

Mtoa huduma anayempokea mtoto mwenye mate mengi, jasho, mboni zilizosinyaa, kutapika, kuharisha, kupumua kwa shida au degedege afikirie sumu ya viuatilifu vya kundi la oganofosfeti, hata kama mzazi hakuitaja. Ajikinge kwa glovu, ahakikishe njia ya hewa iko wazi, na matibabu ya atropini yaanze mapema kwa mujibu wa mwongozo, huku rufaa ikiandaliwa.

Nafasi ya watoa huduma za afya

Zahanati haiwezi kufundisha kijiji kubagua takataka wakati takataka zake zimetapakaa. Sindano ziingie katika kisanduku cha usalama mara tu zinapotumika, kisanduku kifungwe kinapojaa robo tatu, na shimo la takataka lizungushiwe uzio usiopenyeka na mtoto. Hilo ndilo somo la kwanza, na watoto huliona.

Siku ya kliniki ya mama na mtoto inafaa kwa somo la pili. Akina mama wanaosubiri wanaweza kuoneshwa vikapu viwili, kimoja cha vitu vinavyofaa na kimoja cha visivyofaa, na kuulizwa kila kitu kiingie wapi na kwa nini. Mtoa huduma ngazi ya jamii anapotembelea kaya aangalie mambo matatu tu: vyombo vya viuatilifu vimewekwa wapi, mafuta ya taa yamo katika chupa gani, na ni vyombo vingapi uani vina maji yaliyosimama. Mara moja kwa wiki kaya imwage maji hayo na kusugua kuta za chombo, kwa kuwa mayai ya mbu hugandia humo.

Hitimisho

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Mtoto wa Mbwemkuru ana mikono tayari na ana jicho la kuona gari ndani ya dumu. Anachokosa ni ujuzi wa kujua dumu lipi. Ujuzi huo hawezi kuupata jalalani peke yake. Hupewa na mzazi, mwalimu na mtoa huduma wanaosema neno moja. Akishaupata, ataulinda mwili wake kwanza, kisha uani kwao, kisha kijiji.

Maswali ya kujadili

1. Katika kaya yako au eneo lako la kazi, ni vyombo gani vitupu ambavyo mtoto anaweza kuvifikia bila msaada? Vipi kati ya hivyo vinapaswa kuondolewa leo?
2. Kwa nini kuosha chupa ya kiuatilifu hakutoshi kuifanya ifae kuchezewa?
3. Eleza tofauti ya mazalia ya mbu wa malaria na ya mbu wa chikungunya, na namna tofauti hiyo inavyobadili ushauri unaompa mzazi.
4. Mtoto wa miaka miwili na wa miaka sita wanashiriki kazi moja. Ni vifaa na majukumu gani utakayomgawia kila mmoja?